Nani Alimfundisha Bibi Kupika Shira?

Nianze na chupa, kwa sababu ndiyo iliyonitia kwenye ugomvi huu. Ni chupa ya bia ya zamani, ya kahawia, nusu lita, imezibwa kwa kipande cha gunzi na kuzungushiwa nta ya nyuki. Ndani mna kitu chekundu kinachokaribia weusi. Ukiiinamisha dirishani kinateremka polepole, kama mzee asiye na haraka ya kufika. Niliikuta Januari 2024 kwenye kabati la mama kule Njombe, nyuma ya vikombe vya wageni. Nikaishika. Mama akasema kutoka jikoni, bila hata kugeuka, "Hiyo usiiguse. Hiyo ni shira ya bibi yako."

Bibi alifariki mwaka 2009. Hesabu mwenyewe.

Sasa, msomaji, kama umekulia Ilala au Temeke, shira unayoijua ni ile inayong'aa juu ya kaimati mwezi wa Ramadhani, maji na sukari basi. Kwetu shira ni maji ya matunda, hasa plamu, yaliyochemshwa na sukari mpaka yakawa mazito. Asubuhi inamwagwa juu ya chapati za maji, au inachorwa duara kwenye uji wa ulezi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kwenye kahawa. Na hapo ndipo penye kesi.

Nyumbani kila mgeni aliyesifia shira aliambiwa maneno yale yale, na aliyeyasema kila mara ni mama mkubwa: "Mama yetu alifundishwa na masista wa misheni." Yalisemwa kwa kujivuna, kama vile mtu anavyosema mwanaye amesoma Ulaya. Nami nilijivuna nayo. Nikiwa shule ya msingi niliiandika kwenye insha nikapewa alama nzuri. Siku hizi sina hakika, na kila ninapopekua naona masista wanasogea mbali zaidi na sufuria. Mama mkubwa amekwishaniambia nimekosa adabu. Basi hebu niiweke kesi mezani, muamue wenyewe.

Niwape misheni haki yao kwanza. Plamu, pichi na matufaa si matunda ya asili ya Ubena. Ni matunda ya nchi za baridi, na mti wake usipopata majira ya baridi ya kutosha hauzai vizuri. Njombe baridi ipo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai kuna asubuhi unakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu. Wamisionari wa Berlin waliingia nyanda hizi kwa upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na kabla ya karne kwisha walikuwa wameshafika kwa Wabena. Kidugala ni moja ya vituo vyao vya mwanzo. Wakatoliki wakafuata, kina Wabenedikto wa Uwemba na wengineo. Baadaye wakaja walowezi. Watu wale walikuwa wanatamani vitu vya kwao kama mimi ninavyotamani ugali nikiwa safarini, wakapanda ua na miti ya matunda. Kutoka uani mwa misheni miti ikarukia kwenye maboma ya watu, kwa mbegu, kwa vipandikizi, na pengine kwa kuiba. Hilo sibishi. Tunda ni lao. Jina lenyewe linakiri: plamu.

Tena bibi alifanya kazi jikoni kwa misheni. Hilo nalo ni kweli. Alikuwa msichana, miaka ya 1940, kazi yake kufagia, kuchota maji na kumenya. Aliwaona wakipika jamu, akajifunza, na nyumbani kwake alipika jamu mpaka uzeeni, akiipaka kwenye mkate siku za sikukuu.

Lakini angalia neno. Jamu aliiita jamu. Ile nyingine hakuiita siropu, wala hakuiita kwa neno lolote la Kijerumani au Kiingereza. Aliiita shira. Mtu akikufundisha kitu hukupa na jina lake. Kama vyote viwili vilitoka jikoni pamoja, kwa nini kimoja kilikuja na jina la Kizungu na kingine na jina la pwani?

Maana shira ni neno la pwani, bwana. Asili yake ni Kiajemi, limesafiri na majahazi, limekaa India, limekaa Unguja na Mombasa na Tanga. Lina ndugu wa karibu kikazi, sharubati, lililotoka kwa Waarabu. Wageni wa Kizungu waliofika kwenye baraza za masultani wa Unguja karne ya 19 waliandika kwamba walikaribishwa kwa kahawa na sharubati. Na sikia hiki: neno siropu, ambalo mtu wa mjini leo akilitamka anajiona amestaarabika, limetoka kwenye mzizi huo huo wa Kiarabu wa kunywa. Walilichukua, wakalipiga pasi, wakaturudishia kama jipya.

Haya, bibi hakuwahi kuiona bahari maisha yake yote. Neno la bahari lilimfikiaje?

Jibu langu ni babu. Na kwa babu lazima niseme habari za mkonge, ambazo vitabu vyetu vya shule huzipitia haraka kwenda kwenye siasa. Baada ya vita vya pili vya dunia Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, na bei ilipanda sana mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea. Mashamba yalikuwa Tanga na Morogoro, mikono ilikuwa huku kwetu. Wenye mashamba walikuwa wameanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, na Njombe ilikuwa moja ya wilaya walizozitegemea. Kodi ya kichwa ilikuwepo, fedha haikuwepo, na ofisi ya SILABU ilikuwa na malori. Mahesabu mepesi. Vijana wakaandikishwa, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Babu aliondoka mwaka 1952 akapelekwa upande wa Korogwe, akarudi 1957 na mguu mmoja wenye kovu la mwiba wa mkonge, baiskeli, na tabia ya kunywa kahawa.

Hiyo kahawa ndiyo shahidi wangu wa pili. Njombe si watu wa kahawa. Sisi ni watu wa chai. Majani yanalimwa Lupembe na Luponde hapo hapo. Lakini babu alitaka kahawa chungu, nyeusi, kwenye kikombe kidogo. Buni alizipata kwa madereva wa malori yaliyotoka Mbinga, gao moja hivi, bibi akazikaanga kwenye kikaango na kuzitwanga kwenye kinu. Sasa angalia alivyoinywa. Hakuikoroga shira ndani ya kikombe. Alichota kijiko cha shira akakiweka mdomoni, kisha akapiga funda la kahawa juu yake. Kijiko, funda, kijiko, funda. Mama anaigiza vizuri sana, mpaka na macho anafumba.

Umeshawahi kukaa kijiweni na wazee wa pwani jioni, muuza kahawa akipita na birika na vikombe vikigongana? Kahawa haina sukari. Utamu uko mkono wa pili: kashata, au halua. Uchungu kikombeni, utamu mdomoni. Ndicho alichokuwa anafanya babu, ila kashata ya nazi Njombe utaipata wapi? Akapewa plamu. Huyo ni manamba aliyejifunza kunywa kahawa Korogwe, akarudi kwenye nchi isiyo na nazi, na mke wake akatafuta namna.

Shahidi wa tatu ndiye mwenye utata. Mama anaapa kwamba ndani ya shira kulikuwa na iliki, punje mbili tatu zilizopondwa, zikitupwa dakika za mwisho. Iliki haioti kwetu, inalimwa milima ya Usambara, huko huko Tanga. Kwenye shira ya kaimati iliki ni kawaida. Mama mkubwa naye anaapa kwamba ni mdalasini, kama wanavyoweka masista. Dada wawili, tumbo moja, wote wamelelewa na shira ile ile, na hawakubaliani ilikuwa inanukia nini! Hapo ndipo nilipojifunza ushahidi wa mdomo ni kitu gani. Na jibu limo ndani ya chupa ile, nyuma ya vikombe vya wageni, na mama hataki ifunguliwe.

Mtu anaweza kunibishia. Wahindi walikuwa na maduka hadi huku juu, iliki ingeweza kununuliwa. Na wamisionari wenyewe walisema Kiswahili, huenda neno shira lilitoka kinywani mwa sista. Sawa. Lakini ukiweka vitatu pamoja, neno, kiungo na namna ya kunywa, mimi naona alama za miguu ya mtu mmoja anayetembea kutoka Korogwe kuja Njombe, na si sista.

Kwa nini basi familia imsahau? Nadhani kwa sababu kupelekwa mkonge haikuwa sifa. Manamba kwa watu wengi lilikuwa neno la kumdharau mtu: aliyehesabiwa kama mzigo. Misheni ilikuwa sifa. Ukitaka kusifia kitu ulikihamishia misheni. Babu mwenyewe, wanasema, alikuwepo sebuleni wakati mama mkubwa akiwaeleza wageni habari za masista, na hakuwahi kusahihisha. Alikuwa anakunywa kahawa yake tu.

Nimesema tunda na nimesema jina. Bado sukari, na sukari ndiyo iliyokaribia kumpeleka bibi ndani.

Shira inakula sukari kuliko mlevi anavyokula mshahara. Kikombe cha maji ya plamu, kikombe cha sukari. Si ulafi: sukari ikiwa nyingi hivyo inayafunga maji, vijidudu na ukungu vinakosa maji ya kuishi, ndiyo maana shira inakaa. Ukibania sukari, ndani ya wiki mbili una pombe. Na plamu zinaiva Desemba mpaka Februari, wakati wa mvua, wakati barabara ya kwenda Makambako, kabla lami ya Makambako hadi Songea kukamilika katika miaka ya 1980, ilikuwa tope la kumeza lori. Tunda linakuja kwa wingi siku sukari haifiki. Kwa hiyo mpishi wa shira lazima awe mweka akiba, na mweka akiba kuna mwaka aliitwa jina lingine.

Wakubwa wanakumbuka. Vita vya Kagera vilianza 1978, na mashamba ya miwa ya Kagera yenyewe yalikuwa kwenye eneo lililovamiwa na majeshi ya Amin. Vita vikaisha 1979, Mwalimu akaomba miezi 18 ya kufunga mikanda, mikanda ikafungwa, miezi ikapita, sukari isionekane. Ilikuwa ya mgawo. Makambako, wakati huo, palikuwa ndiyo mdomo wetu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ikapita hapo, barabara kuu ya Zambia inapita hapo, na yetu ya kwenda Njombe na Songea inachepukia hapo. Kila kitu kilipita Makambako, na baadhi ya kila kitu kilidondoka. Bibi alikuwa anapanda lori na gunia la viazi au maharage, kilomita kama 60, anabadilishana na utingo mmoja: viazi kwa sukari, kilo mbili leo, kilo tatu mwezi ujao. Akirudi anamimina kwenye debe, chini ya kitanda.

Machi 1983 serikali, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaanza msako wa wahujumu uchumi. Redioni zikatajwa habari za watu waliokamatwa na bidhaa, magunia yakaokotwa porini, vitenge vikaelea mitoni. Msako ulikuwa umewalenga wakubwa, lakini mwenye debe la sukari chini ya kitanda hangoji kuulizwa kama ni mkubwa au mdogo. Debe la bibi lilikuwa limekaribia kujaa. Mama alikuwa na miaka 11. Anasema aliamshwa usiku wa manane akakuta moto mkubwa jikoni, sufuria tatu juu ya mafiga, na bibi ameshamenya kila kilichokuwa na ngozi: mapichi ya mwisho, mapera, pasheni. Plamu zilikuwa zimeshakwisha msimu. Babu anapasua kuni. Hakuna anayesema. Wakapika usiku ule na usiku wa pili. Debe likaisha, chupa zikafika 40 na ushee, wakaongeza na vibuyu.

"Sukari inahesabika," bibi alimwambia mama. "Hii watahesabu nini?"

Siku ya tatu akaja balozi wa nyumba kumi na mtu mwingine mwenye daftari. Wakatazama uvunguni, wakatazama darini. Wakaziona chupa, zimepangwa ukutani bila kufichwa. Mwenye daftari akauliza ni nini. Bibi akasema, ni shira, baba, karibu. Akawakalisha, akawapa kahawa na chapati za maji, na kijiko. Mama anasema yule mtu alikunywa vikombe viwili, akafunga daftari, akauliza kama anaweza kupata chupa moja kwa ajili ya kifua cha mkewe. Akapewa mbili.

Babu alikaa pembeni siku ile mikono ikimtetemeka, na kijiko hakukigusa. Hilo mama alinieleza mara moja tu, na sauti yake ilibadilika, kwa hiyo sikuuliza tena.

Januari ile ya 2024 niliyoikuta chupa, sukari ilikuwa imepotea tena. Mvua za El Niño zilikuwa zimezuia viwanda kuvuna miwa, kilo ikauzwa mahali pengine zaidi ya shilingi 4,000 wakati bei elekezi ya serikali ilikuwa haifiki huko. Nikiwa Njombe nilimwona mama akinunua kilo mbili dukani, akarudi baada ya saa moja akanunua mbili nyingine kwa duka la pili. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Plamu za bibi hazipo tena. Mjomba aliikata miti yote akapanda parachichi, zile za kusafirishwa nje, na simlaumu, ndizo zinazosomesha watoto. Kwa hiyo nilipoamua kupika mwenyewe nilinunua plamu Makambako, kwenye dirisha la basi, ndoo ndogo, kutoka kwa kijana aliyekimbia na basi huku akihesabu chenji. Karibu kilomita 700 mpaka Dar, nimezipakata.

Mama alinipa masharti kwa simu. Chagua zilizolainika kabisa. Maji kidogo tu, yasizidi kufunika. Chemsha mpaka zipasuke, usizipige na mwiko, na kokwa usizivunje. Mimina kwenye kitambaa cha marekani, ning'iniza usiku kucha, na usikamue hata roho ikikuuma. Asubuhi pima kikombe kwa kikombe, chemsha, ondoa povu, tia iliki, mimina ikiwa ya moto kwenye chupa iliyochemshwa. Muda gani? "Kuni ya pili ikiisha." Mimi napikia gesi Tabata. Tena Njombe maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, huku chini ni 100. Jirani alichungulia akasema, mwanaume mzima unakoroga nini saa tano usiku?

Kosa langu, nimekuja kulijua baadaye, lilianzia dirishani pa basi. Plamu za kuuza wasafiri huchumwa ngumu ili zisipondeke njiani, na tunda lisiloiva sawasawa ndilo lenye ule utomvu unaogandisha. Nikaongeza la pili: kitambaa nilikikamua, kwa choyo. La tatu ni gesi. Asubuhi niliinamisha chupa. Haikuteremka kitu. Nikaigeuza juu chini, ikabaki imeganda humo humo, nyekundu, inatikisika.

Nilimpelekea mama chupa moja kwa basi. Mama mkubwa alikuwepo ilipofunguliwa. Waliichota kwa ncha ya kisu, wakaipaka kwenye mkate, na mama mkubwa ndiye aliyenipigia.

"Mwanangu," akasema, "umepika jamu ya masista."

Nikamwambia basi wafungue na ile ya kabatini, wanuse, tumalize. Akanyamaza kidogo. Nikasikia mlango wa kabati ukifunguka, vikombe vikigongana, halafu ukafungwa. "Iache," akasema.